Washauri saba, kila mmoja na mtindo wake: nimchague yupi?

Fundi_wa_Lifti

Habari zenu. Mimi ni fundi wa lifti hapa Nairobi, majengo yetu mengi yako Upper Hill na Westlands. Mwezi wa tatu mwenzangu alianguka ndani ya shafti, lile shimo refu la lifti, tukiwa kazini, akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Mimi nilikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Sikumwona akianguka. Nilimsikia.

Tangu siku hiyo nikifungua mlango wa shafti viganja vinalowa jasho hadi spana inateleza. Usiku naamka saa tisa na usingizi haurudi tena. Kazi ya kusimama juu ya kichumba cha lifti namwachia kijana tunayemfundisha, mimi nashika kazi za chini: milango, vitufe, taa. Foromani ameanza kuuliza maswali. Mke wangu naye analalamika kwamba nimekuwa mkali kwa watoto bila sababu.

Kampuni imekubali kulipia vikao sita katika kituo kimoja cha ushauri nasaha, nyumba ya zamani kule Kilimani ambamo washauri kadhaa wanafanya kazi pamoja. Wamenitumia orodha nichague. Wako saba. Wote wanatabasamu pichani, wote wanaahidi "mazingira salama". Chini ya kila jina kuna mtindo wa kazi yake: wawili CBT, mmoja EMDR, mmoja anafuata Carl Rogers, mmoja tiba fupi ya kutafuta suluhisho, mmoja ndoa na familia, na wa mwisho ushauri wa Kikristo. Ningepewa orodha ya mota ningechagua nikiwa nimefumba macho. Hii imenishinda.

Wenye uzoefu nisaidieni. Hawa watu wakishafunga mlango, wanafanya nini hasa? Maelezo ya kitabuni sitaki. Nataka kujua nikishaketi kwenye kile kiti nitaambiwa nifanye nini.

Mzee_wa_Kayole

Pole sana kijana wangu. Kufiwa na mtu mliyekuwa mkila chakula cha mchana pamoja si jambo dogo.

Kama wewe ni mtu wa kanisa, mimi ningeanza na yule wa Kikristo, angalau mtaanza kwa maombi. Lakini ukimchagua mwingine pia ni sawa, mradi uende. Bomu la ubalozi lilipolipuka mwaka 1998, wengi wetu tuliokuwa mjini siku ile tulirudi kazini na kunyamaza. Nina rafiki ambaye hadi leo akishuka kutoka stesheni ya reli anazunguka mbali ili asipite ile kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Hajawahi kumweleza mtu kwa nini, na sisi hatumwulizi.

Nilikuwa_Mapokezi

Pole kaka. Mimi nilikaa meza ya mapokezi ya kituo cha namna hiyo kwa miaka, si hicho chako, kingine upande wa Ngong Road. Vikao vya watu sikuingia, na habari za mteja yeyote sitoi hapa wala kwingine. Lakini mpokezi huona kila kinachoingia chumbani na kila kinachotoka, kwa hiyo acha nikueleze kutoka kwenye meza yangu.

Wa CBT, yaani tiba ya mawazo na tabia, ndio waliomaliza karatasi zangu. Kila asubuhi ni fotokopi. Ile karatasi ina safu: nini kilitokea, wazo gani lilikupita kichwani, uliumia kiasi gani kwa alama kati ya sifuri na mia, na ushahidi wa wazo lenyewe uko wapi. Mteja anaenda nayo nyumbani, wiki ijayo anairudisha imejaa, au anairudisha tupu na kuanza kunieleza mimi kwa nini hakupata nafasi. Mtindo huu ulianza na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili kule Philadelphia, miaka ya 1960. Aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni isiyoisha walikuwa na mawazo ya kujilaumu yanayopita upesi mno, hata wao wenyewe hawakuyatambua kabla ya kuulizwa. Kwako huenda wazo ni "ningekagua ile swichi, angekuwa hai." Mshauri wa CBT hatakwambia usiwaze hivyo. Atakuuliza: swichi ilikuwa jukumu la nani? Nani alitia sahihi kabla ya kazi kuanza? Kutoka chumba cha mashine ungeionaje? Halafu atakupa kitu cha kufanya kati ya kikao na kikao. Kama wewe si mtu wa kuandika, mwambie mapema, kuna wanaokubali urekodi kwa simu.

Yule wetu wa EMDR, tiba ya kumbukumbu mbaya kwa miondoko ya macho au mitetemo ya mikononi, alikuwa na vidude viwili vya kushika mikononi, vinatetemeka kwa zamu, kushoto kisha kulia. Betri zake nilinunua mimi. Wengine hawana kifaa, wanapitisha vidole mbele ya uso wako nawe unavifuata kwa macho huku ukikumbuka kile kipande kibaya. Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyeianzisha mwaka 1987. Ukihadithiwa utadhani ni mazingaombwe. Mimi niliielewa kupitia ratiba: huyu mshauri hakutaka nimpangie mtu mwingine papo hapo baada ya mteja wa EMDR, na hakutaka mteja ainuke tu na kushika usukani. Walikaa kwanza pale kwangu na kikombe cha chai, wengine nusu saa, kimya. Jambo moja la kukumbuka kwa sababu wewe una vikao sita tu: hawaanzi na kumbukumbu yenyewe. Mwanzoni ni historia yako, na kukufundisha kujituliza. Uliza mapema vikao vingapi vitaenda kwenye matayarisho.

Anayefuata Rogers alihitaji viti viwili na tishu. Basi. Hakuna fomu, hakuna kazi ya kwenda nayo nyumbani. Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alishikilia kwamba mtu akipata mwenzake anayemwelewa kwa dhati, asiyemhukumu na asiyejifanya, ataanza kujipanga mwenyewe. Wateja wa mama yule ndio waliodumu muda mrefu kuliko wote, na hao hao ndio walionijia mezani kunong'ona, "haniambii la kufanya." Usimpuuze lakini. Katika maelezo yako nimesoma habari nyingi za hofu na chache sana za msiba. Rafiki yako amekufa. Hilo nalo linataka mahali pa kukaa.

Tiba fupi ya suluhisho ilitoka Milwaukee, kwa Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg. Utaulizwa: ukilala leo, muujiza utokee usiku, shida iishe, asubuhi utajuaje? Kisha utaulizwa leo uko namba ngapi kati ya sifuri na kumi, na kitu gani kidogo kingekupandisha namba moja. Niliona ikiwafaa sana watu wenye uamuzi wa kufanya, kuacha kazi, kurudi shule. Kwa mtu anayesikia mlio usiku, binafsi ningeiweka chini kwenye orodha.

Wa familia alinisumbua kwa viti tu. Huyo mwache kwanza, labda baadaye na mama watoto.

Wa Kikristo ningemwuliza swali moja: ukiacha maombi, umesomea nini? Kuna waliosoma sawasawa, na kuna wachungaji wazuri tu waliopewa ofisi.

Sasa ukweli wangu. Zile herufi chini ya jina hazikuwahi kunisaidia kujua nani atarudi. Nilichoangalia ni mteja anapotoka kikao cha kwanza. Akisimama mezani na kuuliza mwenyewe, "nafasi ya wiki ijayo iko lini?" kabla sijafungua kitabu, huyo amepata mtu wake. Akisema "nitapiga simu" akiwa ameshafika mlangoni, hapigi. Na hapo ndipo faida ya nyumba yenye washauri wengi inapopotea bure, maana angeweza kuniambia tu nimbadilishie. Washauri hawakasiriki. Kwetu walikutana kila Jumatano mchana kujadili kazi zao bila kutaja majina, na mara nyingi mmoja alisema mwenyewe, "huyu angefaa zaidi kwako."

Kwa hiyo usichague kwa macho. Piga simu, omba dakika kumi na wawili kati yao. Waulize: umewahi kufanya kazi na mtu aliyeshuhudia kifo kazini? Kikao cha pili tutafanya nini? Tukifika cha tatu bila nafuu, utafanyaje? Ukisikia mtu anazungukazunguka kwenye hilo la mwisho, mshukuru na ukate simu.

Dada_wa_Rongai

Mimi nilipitia EMDR baada ya ajali ya matatu barabara ya Namanga. Hayo ya chai ni kweli kabisa.

Nilidhani nitalazimishwa kusimulia ajali yote kutoka mwanzo. Haikuwa hivyo. Aliniambia nishike picha moja, ile mbaya zaidi, na nimwambie mwilini inauma wapi. Nikasema shingoni. Vidole vikaanza kwenda, mimi nafuata. Akisimama ananiuliza, "sasa kuna nini?" Mara ikaja harufu ya dizeli ambayo sikuwa nimeikumbuka hata siku moja. Nikamwambia. Akasema tu, "endelea na hiyo," vidole tena. Ikaja sauti ya mtoto nyuma ya gari, halafu, usiniulize kwa nini, ikaja jiko la marehemu nyanya yangu. Nikalia kilio cha nguvu. Yeye hata hakunifasiria chochote.

Picha bado iko, ila sasa naiita mimi, haijileti. Nilianza kupanda matatu tena nikikaa karibu na mlango, siku hizi nakaa popote.

Tahadhari: zile siku mbili tatu baada ya kikao ndoto zilikuwa nzito. Usikubali kazi ya juu kesho yake.

Mwanafunzi_wa_Nasaha

Nasomea ushauri nasaha, niko mwaka wa mwisho. Dada wa mapokezi ameeleza vizuri kuliko baadhi ya wahadhiri wangu, lakini kuna mahali nampinga. Ni kweli kwamba uhusiano na mshauri una uzito mkubwa. Ila kwa tatizo hili mahususi mtindo nao una uzito wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, lilizitaja hizi kati ya mbinu lilizopendekeza kwa watu wazima wenye kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha: CBT inayolenga kiwewe chenyewe, na EMDR. Kusikilizwa kwa upole bila kuigusa ile kumbukumbu kunaweza kukupa nafuu ya wiki, kisha shafti ikabaki palepale.

Ndiyo maana ningewauliza wale wawili wa CBT swali lililo wazi: umesomea CBT ya kiwewe, au ya jumla? Anayeijua hatakusukuma juu ya lifti siku ya kwanza. Mtapanga ngazi pamoja. Pengine kwanza ni kuiangalia picha ya shafti kwenye simu hadi mapigo ya moyo yashuke. Halafu kusimama mbele ya mlango uliofungwa, halafu uliofunguliwa, umeme umezimwa na mwenzako yuko kando. Hupandi hatua inayofuata kabla ile ya sasa haijapoa. Kukwepa kunakupa nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayouambia mwili kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa.

Mambo mengine mawili. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, nayo ndiyo iliyounda bodi ya kusajili watu hawa. Kumwuliza mshauri namba yake ya usajili si ukosefu wa heshima. Na kama usiku mawazo yatageuka kuwa ya kutaka kujidhuru, usingoje zamu ya kikao. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo, au piga simu Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza wenye mawazo kama hayo.

Fundi_wa_Lifti

Asanteni sana, wote. Mzee wa Kayole, shikamoo, na pole kwa rafiki yako.

Nimesoma haya nikiwa kwenye basi na imebidi niseme kile ambacho sikukiandika mwanzoni. Kuchagua mtindo ni nusu tu ya shida yangu. Mimi ndiye shahidi. Familia ya marehemu inafuatilia fidia, watu wa usalama kazini wameshakuja kuandika maelezo, na kampuni ndiyo inayolipa hivi vikao. Siku ile tuliambiwa tumalize kabla wapangaji hawajafika asubuhi, na kuna vitu havikuzimwa ambavyo vilipaswa kuzimwa. Nikimwambia mshauri hilo, litafika kwa meneja?

Kesho yake baada ya ajali walitukusanya chumba cha mikutano. Akaja mgeni, tukaketi duara, kila mmoja akatakiwa aseme alichoona na alivyojisikia. Meneja naye yuko palepale na daftari. Zamu yangu ilipofika nikasema niko sawa. Kama ushauri ndio huo, vikao sita ni vingi mno.

Halafu ni lazima iwe kwa Kiingereza? Kazini naelewana nacho, lakini mambo haya hayanijii kwa Kiingereza.

Nilikuwa_Mapokezi

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limejificha. Afadhali umelisema.

Nianze na duara lenu. Lile halikuwa ushauri, hata kama aliyeliongoza alikuwa na vyeti. Kikao kimoja cha kuwabana watu wasimulie mara tu baada ya msiba kimefanyiwa utafiti wa kutosha, na mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba hakizuii kiwewe. Tena na bosi ameshika daftari! Kusema "niko sawa" ndilo jibu pekee ambalo mtu mwenye akili timamu angetoa mle ndani.

Kuhusu siri. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika ankara za kampuni, kwa hiyo hapa nazungumza ninachokijua kwa mikono. Ilikuwa na namba ya siri badala ya jina, tarehe za vikao, na kiasi cha pesa. Hakuna mstari mwingine. Mara kadhaa ofisa wa rasilimali watu alinipigia, sauti tamu, "tunataka tu kujua kama anaendelea vizuri." Jibu lilikuwa moja: ongea na mfanyakazi wako. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na wewe usichukulie kwamba kila kituo kiko hivyo. Mkataba kati ya kituo na mwajiri ndio unaoamua kampuni itapokea nini, kwa hiyo uliza uonyeshwe sehemu inayokuhusu kabla hujafungua mdomo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuuliza wameandika nini juu yako.

Siri ina mipaka pia, na mshauri mwema atakutajia kikao cha kwanza bila kuulizwa: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa hatari kwa mtu mwingine, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikitoa amri. Hiyo ya mahakama iangalie vizuri, kwa sababu wewe una kesi inayokuja. Mwulize anaandika nini kwenye daftari lake. Wengi huandika machache, "tulizungumzia usingizi na tukio la kazini," na si nani alisema nini kuhusu swichi.

Na tafadhali, zile habari za vitu visivyozimwa zitafutie mwanasheria wako mwenyewe, si wa kampuni. Mshauri atakusaidia kubeba uzito wake. Kuupeleka ushahidi mahali pake hawezi, na akijaribu utakuwa umepata mwanasheria mbaya na umepoteza mshauri.

Mwanafunzi, nimekusikia, na kwa habari ya kiwewe nakubali. Ila na wewe ukianza kazi utakuja kuniambia kuhusu wale wenye mafunzo yote ambao mteja hakurudi mara ya pili.

Lugha: sema kwenye simu kwamba unataka Kiswahili. Zile karatasi za CBT ziko kwa Kiingereza karibu zote, lakini nimeona mshauri akizichora upya kwa kalamu palepale. Asiyetaka kujisumbua hivyo atakuwa amekusaidia kuchagua.

Mzee_wa_Kayole

Marahaba kijana. Mwanasheria kwanza, mimi nasema. Halafu hao wengine.

Fundi_wa_Lifti

Nimepiga simu tatu. Wa kwanza wa CBT aliniambia bila kuficha kwamba yeye wateja wake wengi ni wanafunzi wenye hofu ya mitihani, na akanitajia mwenzake wa EMDR. Nilimheshimu kwa hilo. Wa pili alikuwa na haraka. Yule wa EMDR tuliongea dakika kumi na tano, kwa Kiswahili, na nilipomwuliza kuhusu kampuni akasema atanitumia ile sehemu ya mkataba kabla ya kukutana. Imefika jana. Inasema tarehe na idadi ya vikao, basi.

Tumepanga Jumanne saa kumi na moja jioni. Foromani nimemwomba ruhusa, sikumwambia ya nini. Mwanasheria bado natafuta, kuna binamu wa mke wangu aliye na rafiki.

Kuna lolote la kubeba?

Nilikuwa_Mapokezi

Kitambulisho, na barua ya kampuni kama ulipewa. Fika robo saa mapema, kutakuwa na fomu ya ridhaa. Isome hadi mwisho, na ile aya ya nani atapewa taarifa isome mara mbili. Usipoielewa usitie sahihi, mwambie aliye mezani akueleze, ndiyo kazi yake. Na Jumatano omba upewe milango na vitufe.